Mwanafunzi wa Sebuleni

Jioni moja mpangaji wangu alibisha mlango wa sebuleni akiwa na kipande cha ubao mweupe kwapani na kalamu mbili za wino mfukoni, akaniuliza kama ningekubali kufundishwa takwimu.

Nilimwambia aketi kwanza. Jambo kama hilo haliulizwi na mtu aliyesimama.

Alikuwa amekaa kwangu miezi minane, katika chumba cha uani ambacho zamani nilikuwa nashonea nguo. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, kijana wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye shahada tatu na mashati mawili mazuri. Juma lile alipohamia, jirani yangu tunayemwita Redio, kwa kuwa habari zote za mtaa hutangazwa naye, alinisikia nikimwita Daktari. Asubuhi ya pili akaja na goti lake lililovimba. Mpangaji wangu akamweleza kwa adabu kwamba yeye ni daktari wa hesabu. Redio akamtazama juu mpaka chini, akaniambia kwamba nimepangisha chumba kwa daktari asiyetibu, bora ningepangisha kwa kinyozi, angalau angenyoa. Hata hivyo kijana yule alimshika mkono akamvusha barabara mpaka kwake, taratibu, kwa mwendo wa goti, na siku ile akachelewa kazini.

Zaidi ya hapo mimi na mpangaji wangu hatukuwa tumezungumza sana. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo. Nilisikia kiti chake kikiburuzwa, naye bila shaka alisikia redio yangu. Birika lake lilichemka kwake na langu likachemka kwangu, kila moja peke yake.

Sasa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, akanieleza. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio. Chuo kilikuwa kimeanzisha mafunzo kwa wahadhiri wapya wote, si mafunzo ya masomo yao, bali ya namna ya kufundisha, maana kumbe mtu anaweza kusoma miaka ishirini bila hata siku moja kuonyeshwa jinsi ya kumfundisha mwenzake. Mkufunzi wa mafunzo hayo angeingia darasani kwake mara tatu katika mwaka, aketi nyuma, aandike. Baada ya mara ya tatu angetoa ripoti ya mwisho, na kwa ripoti hiyo mhadhiri angethibitishwa kazini au angefungashiwa virago. Mara ya kwanza ilikuwa imeshapita, na ilikuwa mbaya. Wanafunzi nao walikuwa wameulizwa maoni, na mmoja aliandika: "Anajua sana, ila anajua peke yake."

Maneno hayo aliniambia akiwa anatazama meza.

Mkufunzi alikuwa amewapa kazi. Kila mhadhiri atafute mtu wa nyumbani kwake asiyejua somo lake, awe anamfundisha kidogo kila jioni. Wenzake walikuwa na wake, waume, mashemeji, watoto waliomaliza shule.

"Mimi sina mtu wa nyumbani," akasema. "Ila wewe, Bibi."

Hapo nikasema ndiyo. Angeniomba nijifunze kuendesha treni ningesema ndiyo vilevile. Mume wangu alikuwa ametangulia miaka sita iliyopita. Binti yangu yuko nchi ya mbali anaosha wazee wa watu wengine, na mwanangu wa kiume ana familia yake mji mwingine. Jumamosi hupiga simu ya picha, lakini mjukuu wangu mdogo ndiye huishika, na hupenda kuilaza chali, kwa hiyo mara nyingi mimi huzungumza na dari ya nyumba yao. Ni dari nzuri. Nimeizoea.

Tukaanza siku iliyofuata, saa kumi na mbili jioni. Niliweka chai, vikombe viwili. Nilinunua daftari jipya, na nikajifunga kilemba changu cha kutokea. Yeye alisimama mbele ya kabati la vyombo, akauegemeza ubao kwenye kiti, akaanza na wastani. Unajumlisha vyote, unagawa kwa idadi. Hilo nililielewa vizuri. Kisha akaingia kwenye kitu kinachoitwa mkengeuko, na hapo tukaachana. Aliandika herufi, akaweka alama ya kipeuo juu yake kama kibanda, akazungumza haraka akiwa ameupa ubao uso na mimi mgongo. Kila alipomaliza mstari aligeuka.

"Tumeelewana, Bibi?"

"Tumeelewana," nikasema.

Hatukuwa tumeelewana. Siku ya kwanza nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amelowa jasho, na nikaona kumwambia hapana ni kumpiga mtu aliyekwisha anguka. Siku ya pili nilisema hivyo kwa sababu siku ya kwanza uso wake ulikuwa umechangamka. Ilipofika juma la tatu nilikuwa nasema kwa sababu nyingine, nami nitaieleza ilivyo. Nilijua kwamba nikisema sijaelewa, ataona amechagua mwanafunzi mzito, atakwenda kumtafuta mwingine, nami nitabaki na birika langu.

Maana siku zile sebule ilikuwa imerudi kuwa sebule. Baada ya somo alikuwa anabaki tunakula pamoja. Siku moja aliona nakunja macho kwa sababu ya mwanga wa dirishani, na siku iliyofuata nikakuta ameshahamisha kiti cha ubao upande wa pili bila kusema neno. Akanikazia bawaba ya dirisha la jikoni. Akawa ananiita mwanafunzi wangu bora, nami nikawa namwita mume wangu mdogo, kama bibi anavyomtania mjukuu, na Redio aliposikia akasema kwamba angalau sasa daktari amepata kazi.

Asubuhi ya siku ambayo mkufunzi angekuja mara ya pili nilimpigia pasi shati. Alikuwa na furaha. Aliniambia kwamba kama mimi nimeelewa, mimi niliyeacha shule darasa la saba, basi wale vijana wake wataelewa. Alikuwa anawafundisha wanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza. Nikamshonea kifungo kimoja kilicholegea, akiwa amelivaa shati lenyewe, na sikusema kitu.

Jioni ile hakubisha. Nilimsikia akiingia uani, nikasikia mlango wake. Nilisubiri mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Alikuja kesho yake na karatasi ya mkufunzi. Akaniomba niketi kama vile mimi ndiye niliyepata habari mbaya, akanisomea. Nilimwomba baadaye nizinukuu sentensi zile katika daftari langu, kwa hiyo ninazo.

"Wanafunzi themanini na wawili. Mhadhiri hakukosea jambo hata moja. Aliuliza 'tumeelewana?' mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa walijibu ndiyo. Maswali kutoka kwa wanafunzi: hakuna. Baada ya kipindi niliwauliza wanafunzi sita nje ya mlango wanieleze somo lilihusu nini. Hakuna aliyeweza. Wote walisema mwalimu ni mtu mzuri, hawakutaka kumkatisha."

Aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaikunja tena ikawa ndogo zaidi.

"Sielewi," akasema. "Kwako ilikuwa inaingia."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeshika ukuta gizani, ili ajue yuko wapi, na ukuta wenyewe ni mimi.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri jambo hilo kwa kitambo kizuri, naye akadhani nimesikitika tu. Niliwafikiria wale wasichana na wavulana themanini na wawili wenye adabu. Siku moja mmoja wao atanishika mkono huu, atasoma namba kwenye mashine, na itambidi ajue kama namba hiyo ni ya kutisha au ni ya kawaida. Nilimfikiria na yeye, akifungasha virago vyake bila kujua amekosea wapi, kwa sababu watu wote waliompenda walimwambia ndiyo.

"Mwanangu," nikasema, "mimi uliniuliza mara ngapi?"

"Nini?"

"Kama tumeelewana. Tangu tuanze."

Akasema hajui, labda mia mbili.

"Zote nilikudanganya."

Akaiweka karatasi mezani. Kisha akauliza polepole, "Zote?"

"Wastani nilielewa. Baada ya wastani nilikuwa nakunywa chai."

Nilitumaini atacheka. Hakucheka. Aliinuka, akauchukua ubao wake, akasema ahsante, usiku mwema, na jua lilikuwa bado halijazama.

Siku tatu hakuja. Shikamoo niliipata, kwa sababu amelelewa vizuri, lakini ilikuwa shikamoo ya njiani. Nilikaa sebuleni saa kumi na mbili, kila siku, na daftari. Sikujua la kufanya nalo. Nililifungua kwenye ukurasa wenye vile vibanda vya vipeuo, nikavitazama kama mtu anavyotazama nyumba za mji asioujua. Niliona haya. Nilikuwa nimezoea kujihesabu kuwa mtu mwema, na wema wangu ulikuwa umempeleka kijana wa watu darasani na uongo mia mbili mfukoni.

Redio alikuja siku ya pili, akaketi na goti lake kalinyoosha. Akaniambia mume wangu mdogo ameonekana dukani ananunua mkate wa peke yake. Akauliza tumegombania nini.

"Nimemwambia ukweli," nikasema.

"Kwa umri huo? Si ungengoja ahame?"

Lakini alikaa mpaka jioni, ingawa Redio hakai mahali pamoja, na hakuulizia tena jambo lile. Nilijua amekaa kwa ajili yangu.

Siku ya nne mpangaji wangu alibisha. Hakuwa na ubao. Aliketi, safari hii kochini hasa, si ukingoni, akanieleza kwamba alikwenda ofisini kwa mkufunzi kumwambia yote, pamoja na habari zangu. Alidhani mkufunzi, mama mtu mzima, atamcheka. Mama yule alivua miwani, akamwambia kwamba yeye mwenyewe alifundisha miaka kumi na moja kabla mtu hajamwambia ukweli kama huo, na aliyemwambia alikuwa mwanafunzi anayeacha chuo. "Wewe umewahiwa," akamwambia. Halafu akampa kazi moja tu. Asiulize tena watu kama wameelewa. Awape jambo la kusema au la kufanya, kisha anyamaze, ahesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kufungua mdomo.

"Kwa hiyo, Bibi," akasema. "Uliishia kwenye wastani. Niambie jambo lolote unalolijua kuhusu wastani. La kwako, si la daftari."

Akanyamaza. Nilimwona anavyoteseka. Midomo ilikuwa inahesabu.

Nikamwambia habari ya mashati niliyowahi kuyaharibu. Sikuwahi kumwambia mtu, maana ni aibu ya fundi. Nilikuwa msichana, mgeni wa kazi, nikapewa sare za darasa zima, watoto arobaini. Niliwapima vifua wote, vizuri kabisa. Kisha nikajiona mjanja. Nikajumlisha vipimo vyote, nikagawa kwa arobaini, nikakata mashati yote kwa kipimo kimoja, vitambaa nimevibebanisha, mkasi unapita mara moja. Siku ya kuvaa yaliwafaa watoto tisa. Mwalimu mkuu wa shule ile angeweza kunifukuza. Badala yake alivuta kiti, akachukua wembe, akakaa na mimi alasiri mbili tunafumua mishono, huku ananiuliza habari za mama yangu.

Mpangaji wangu hakusema hiyo ndiyo, hiyo ndiyo, kama nilivyotazamia. Aliniuliza: kama ningerudi siku ile, na nimeshaujua wastani, ningetaka kujua nini kingine kabla ya kushika mkasi?

Nikasema kipimo cha mtoto mkubwa kuliko wote. Hakunisahihisha. Akauliza, na kama huyo mkubwa ni mmoja tu, na wengine wote wanalingana? Nikafikiri. Chai ikatengeneza utando. Nikasema basi na mdogo kuliko wote. Akauliza, na kama huyo naye ni mmoja tu? Nikakasirika kidogo, nikamwambia kama anajua jibu aseme tulale. Akanyamaza. Ndipo nikasema kwamba ningetaka kujua kila mtoto yuko mbali kiasi gani na ule wastani, halafu wote kwa pamoja, si mmoja mmoja, ili nijue kama darasa hili limekaa karibu karibu au limetawanyika.

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani nimeharibu tena.

"Miezi minne," akasema ndani ya viganja. "Huo ndio mkengeuko. Miezi minne nauandika kwa herufi."

Usidhani kwamba hapo mambo yalinyooka. Tulitandaza futi yangu ya kupimia nguo mezani, tukapanga vifungo juu yake, kila kifungo mtoto mmoja, nami nikahesabu nikakosea, nikahesabu tena nikakosea kwingine. Kichwa kiliniuma. Kuelewa hakukuwa kutamu kama kule kuitikia. Kulikuwa kazi, kama kupandisha gunia ngazini. Lakini nilipofika juu nilifika mwenyewe, na siku ile nililala bila kuwasha redio.

Nilimshauri achukue futi na vifungo darasani. Alikataa kwa upole. Alisema wale ni wauguzi, watahesabu mapigo ya mishipa yao wenyewe. Kila mmoja ashike kifundo cha mkono wake dakika moja, aseme namba, iandikwe ubaoni, themanini na wawili. Kisha waulizane nani yuko mbali na kwa nini. Mwishoni mwa kila kipindi kila mwanafunzi anaandika katika kikaratasi jambo ambalo hajalielewa, bila jina, anaacha mlangoni. Vikaratasi alikuwa anakuja navyo nyumbani ndani ya bahasha, tunavisoma wote wawili, mimi natenga yanayofanana. Vilikuwa vingi, na vingine vilimuuma. Kimoja kiliandikwa kwa mwandiko mdogo sana: "Sijaelewa tangu mwezi wa pili. Sikusema kwa sababu ulionekana umechoka."

Alinipa nikisome mwenyewe. Tulikaa kimya, na safari hii hakuna aliyekuwa anahesabu.

Mkufunzi alipokuja mara ya tatu, darasa lilikuwa na kelele. Mwanafunzi mmoja alimwambia mpangaji wangu usoni hapana, hajakubali, aeleze tena. Kijana alimaliza nusu tu ya mada aliyoiandaa, akarudi nyumbani amenyong'onyea, akisema amejimaliza. Ripoti ilitoka baada ya majuma mawili. Hii nayo ninayo.

"Niliwauliza wanafunzi sita nje ya mlango. Wanne walinieleza somo kwa maneno yao. Wa tano alikosea, akajirekebisha katikati ya sentensi. Wa sita alisema bado hajaelewa, na alijua hasa mahali alipokwama. Nimefundisha watu wengi kufundisha. Huyo wa sita ndiye aliyenifurahisha zaidi. Nashauri mhadhiri athibitishwe."

Nilipiga kigelegele kilichomtoa Redio kwake na goti lake. Aliuliza nani kaolewa.

Barua ya kuthibitishwa ilipokuja ilikuwa na karatasi ya pili nyuma yake. Aliisoma kimya, akaiweka chini ya kisahani. Nilimwuliza ni nini. Akasema si kitu. Nikamwambia mimi na yeye tulishakubaliana habari ya majibu ya namna hiyo. Ndipo akaniambia kwamba waliothibitishwa hupewa nyumba ndani ya chuo, karibu na madarasa, na kwamba wanafunzi wameomba awe anabaki nao jioni, wale waliokwama, saa kumi na mbili.

Ilikuwa saa nzuri. Nilimwambia hivyo.

Alihama Jumamosi asubuhi. Gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya nyumba, vitu vyake havikujaza hata nusu yake. Alifagia chumba cha uani mpaka pembeni, akafuta dirisha, jambo ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kunifanyia. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya mlangoni. Alikuja na begi la mwisho begani.

"Utakuwa sawa, Bibi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nimelitoa maisha yangu yote, kwa mume, kwa watoto, kwa ile dari, linatoka lenyewe kama kupiga chafya. Nikalimeza.

"Hapana," nikasema. "Sitakuwa sawa. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya sana. Lakini nenda."

Hakusema atakuja kila Jumapili. Hakusema nisijali. Alishusha begi, akaliweka chini, akaketi kwenye ngazi kando yangu, magoti yake marefu yakamfika kidevuni.

Dereva alitutazama kupitia dirishani. Nilidhani atapiga honi. Akazima gari.